Ruta ya Bei Nafuu kwa Nyumba Yenye Mgonjwa

Mgonjwa ninayemzungumzia hapa ni mwalimu mstaafu wa umri wa miaka 71, mkazi wa Morogoro, ambaye amekuwa akiishi na ugonjwa wa Parkinson kwa miaka sita. Kwa muda mrefu alisafiri kuja Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu, mwendo wa karibu kilomita 200 ndani ya basi, ili nimtazame kwa dakika ishirini kisha arudi alikotoka. Safari yenyewe ilikuwa ikimharibia wiki nzima. Tulipoanzisha kliniki ya video kwa wagonjwa wa mbali, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuandikwa.

Katika kikao chetu cha tatu kwa njia hiyo nilimwomba agonganishe kidole gumba na kidole cha shahada mara kumi, kwa upana na kwa kasi awezayo. Ni jaribio dogo, lakini sisi madaktari wa magonjwa ya mfumo wa fahamu hulitegemea sana. Kwa mgonjwa wa Parkinson mgongano wa kwanza huwa mpana, wa nne hupungua, wa saba husitasita, na pengine mkono huganda hewani kabla ya kuendelea. Kwenye kioo changu mkono wa Mwalimu ulifanya hivyo hasa. Uligongana mara tatu, ukasimama, ukaruka, ukasimama tena. Nilimwomba atembee kutoka kitandani hadi mlangoni, naye akaonekana kukwama katikati ya chumba. Niliandika kwamba wepesi wa viungo umepungua, nikaongeza dozi ya levodopa.

Siku ya kumi na mbili binti yake alinipigia simu. Baba alikuwa akijinyonganyonga kitini, shingo na mabega havitulii, na usiku alikuwa akizungumza na watu wasiokuwapo. Miondoko isiyodhibitika na maruweruwe ni madhara yanayofahamika ya levodopa iliyozidi. Nilirudisha dozi ya awali, na baada ya siku chache mzee akatulia. Ndipo nilipomwomba binti arekodi jaribio lile lile la vidole kwa simu yake, pasipo mazungumzo ya video, kisha anitumie. Katika video ile iliyorekodiwa vidole viligongana mara kumi bila kusita kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mkono haukuwa umeganda. Kilichoganda ni picha, nami nikakitibu kwa dawa.

Nimesimulia kosa hili kwa sababu tangu siku hiyo nimelazimika kujifunza jambo ambalo halimo katika mtaala wowote wa udaktari bingwa, yaani kile kisanduku chenye taa kinachokaa sebuleni na kusambaza intaneti nyumbani. Wataalamu wa lugha hukiita kisambaza data. Mitaani tunakiita ruta, na hapa nitakiita hivyo.

Picha inavyodanganya

Tetemeko la Parkinson, mkono ukiwa umepumzika, huwa na mizunguko 4 hadi 6 kwa sekunde. Video nzuri huwa na fremu 25 hadi 30 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kabisa kuuonyesha mwendo huo. Fremu zikishuka chini ya 10 kwa sekunde, tetemeko la mizunguko 5 haliwezi tena kuonekana lilivyo: huonekana la polepole kuliko lilivyo, au hupotea kabisa. Programu za mazungumzo ya video zimetengenezwa kuilinda sauti kwanza. Mtandao unapodhoofika, hupunguza ung'avu wa picha na idadi ya fremu ili maneno yaendelee kusikika. Hilo ndilo lililonipoteza. Sauti ya Mwalimu ilinifikia safi, pamoja na jogoo wa jirani, nami nikadhani picha nayo ni safi.

Mazungumzo ya video ya watu wawili hayahitaji kasi kubwa. Takribani megabiti 1 kwa sekunde kila upande huleta picha ya kuridhisha, na megabiti 3 hadi 4 huleta picha ya ubora wa juu. Muhimu ni neno "kila upande". Vifurushi hutangazwa kwa kasi ya kupakua, yaani ya kuleta vitu nyumbani, ilhali picha ya mgonjwa inayonifikia mimi husafiri kwa kasi ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo zaidi na haiandikwi kwenye tangazo. Msomaji anayelipia bando kwa kiasi anaweza kujikokotolea: megabiti 1 kwa sekunde kwa dakika 20 ni megabiti 1,200, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hizo ni megabaiti 150. Ukijumlisha kwenda na kurudi, kikao kimoja kinakula karibu megabaiti 300.

Pima kabla ya kununua

Mwezi uliofuata nilikuwa Morogoro kwa huduma za mkoba, nikapita nyumbani kwa Mwalimu kumjulia hali. Nyumba ni ya matofali ya saruji, vyumba vinne, ukumbi mrefu katikati. Intaneti inaingia kwa waya wa faiba, kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la televisheni sebuleni, nyuma ya televisheni yenyewe, juu ya king'amuzi. Chumba cha Mwalimu kipo mwisho wa ukumbi, kuta tatu kutoka hapo. Binti alikuwa ameshauriwa dukani apandishe kifurushi hadi cha kasi mara mbili, na alikuwa akitafuta fedha za kufanya hivyo.

Tulipima kwa simu yake. Tukiwa tumesimama mbele ya kabati, kasi ya kupakua ilikuwa megabiti 19. Tukiwa kitandani kwa Mwalimu, ilikuwa 0.8, na ya kupakia 0.3.

Vipimo hivyo viwili vilichukua dakika tatu, na ningependa kila mtu avifanye kabla hajatoa hata shilingi moja. Kuna intaneti inayofika nyumbani, na kuna mtandao wa ndani ya nyumba. Ni vitu viwili, na wauzaji wengi hawana haraka ya kuvitenganisha. Kasi ikiwa ndogo hata ukisimama kando ya ruta, tatizo liko kwa mtoa huduma, kwenye waya au kwenye kifurushi, na ruta mpya haitalitatua. Kasi ikiwa nzuri kando ya ruta na mbaya chumbani, tatizo liko ndani ya nyumba, na kifurushi kikubwa zaidi hakitalitatua. Familia ya Mwalimu ilikuwa ukingoni mwa kulipa kila mwezi kwa ajili ya dawa ya ugonjwa mwingine.

Pima pia jioni, watoto wakiwa nyumbani. Nyumba nyingi zina mtandao unaotosha saa nne asubuhi na usiotosha saa mbili usiku.

Tulianza na tiba isiyo na gharama. Tuliitoa ruta kabatini na kuiweka juu ya rafu ukumbini, karibu mita mbili kutoka sakafuni, mbali na jokofu na kioo kikubwa cha ukutani. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma, na kioo cha kujitazamia kina utando wa madini mgongoni. Maji nayo huyanyonya, ndiyo maana tangi la maji au hodhi la samaki ni jirani mbaya. Saruji huyapunguza, na nondo ndani yake huzidisha. Nyumba ya udongo au ya mbao huyaachia kwa ukarimu zaidi. Mwenzangu anayeishi Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika nyumba ya mawe ya matumbawe yenye kuta za unene wa nusu mita, huniambia kwamba akifunga mlango wa chumba intaneti nayo hufungwa.

Baada ya kuhamisha ruta, chumbani kwa Mwalimu tulipata megabiti 5. Kwa wasomaji wengi makala hii ingeweza kuishia hapo. Lakini jioni ile binti alipopima tena, kasi ilikuwa imeshuka hadi 1 na kuyumba. Sasa palikuwa na sababu ya kuzungumza juu ya kununua.

Masafa mawili, na namba za kwenye boksi

Ruta ya zamani ya Mwalimu ilikuwa ya masafa mamoja, gigahezi 2.4. Masafa haya hupenya kuta vizuri, lakini ni kama barabara ya zamani inayotumiwa na kila mtu: ruta za majirani, spika za Bluetooth, simu zisizo na waya, hata oveni ya maikrowevu ambayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Ndani yake mna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Mtaa wa Mwalimu una nyumba zilizokaribiana, na jioni simu ya binti iliorodhesha mitandao kumi na saba ya majirani. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi na kasi zaidi, lakini hufa haraka kwenye kuta. Ruta yenye masafa yote mawili huweza kumhudumia aliye karibu kwa 5 na aliye mbali kwa 2.4, na kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo cha kwanza ambacho mnunuzi wa bei nafuu hapaswi kukiacha. Kabla ya kununua, hakikisha simu ya mgonjwa inaweza kuyapokea masafa ya 5. Baadhi ya simu za bei ya chini haziwezi. Hata hivyo, vifaa vingine vikihamia kwenye 5, simu hiyo hubaki na nafasi zaidi kwenye 2.4.

Kinyume chake, vifaa vingi vya afya vya nyumbani vinavyojiunga na Wi-Fi, kama mizani na baadhi ya vipima shinikizo la damu, hutambua masafa ya 2.4 pekee. Kwa hiyo usiyazime kwa kudhani yamepitwa na wakati.

Sasa kuhusu namba. Kwenye boksi utaona maandishi kama AC1200. Mtu huamini amenunua megabiti 1,200. Ukweli ni kwamba namba hiyo hupatikana kwa kujumlisha uwezo wa kinadharia wa masafa yote mawili, 300 za chini na takribani 867 za juu, kisha kuzungushwa hadi namba nzuri. Simu moja kwa kawaida hutumia masafa mamoja kwa wakati mmoja, na chumbani kwako haitapata hata nusu yake. Wala haitazidi kile kinachoingia kwa waya: mwenye kifurushi cha megabiti 20 ana megabiti 20. Antena nne, sita au nane zilizochongoka kama pembe za swala nazo zisikutishe. Nyingine zina kazi, nyingine ni mapambo.

Kizazi cha Wi-Fi kina maana zaidi kuliko namba hizo. Kizazi cha nne kilikamilishwa mwaka 2009, cha tano mwaka 2013, na cha sita mwaka 2021. Cha tano kinatosha kwa kliniki ya video na kwa familia ya kawaida. Cha sita hugawanya nafasi vizuri zaidi pale vifaa vinapokuwa vingi, hivyo tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua cha sita. Ikiwa tofauti hiyo ni bei ya dawa za mwezi mmoja, nunua dawa. Vilevile usilipie zaidi kwa ajili ya matundu ya waya ya gigabiti ikiwa kifurushi chako hakifikii megabiti 100. Matundu ya kawaida ya 100 yanakutosha.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nami nililiona kuwa na manufaa makubwa, ni uwezo wa ruta kutoa kipaumbele kwa kifaa fulani. Mjukuu akirudi kutoka matembezini, simu yake huanza yenyewe kupakia picha mia mbili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia, ambayo tayari ni nyembamba, hujaa foleni, na picha ya babu hukwama nyuma ya foleni hiyo. Ruta nyingi za bei ya kati zina mpangilio wa kuiambia kwamba simu ya babu ipite kwanza. Uliza dukani, na ukiweza omba uonyeshwe mpangilio huo, usiridhike kwa kuambiwa tu kwamba upo.

Niliyoinunulia nyumba ile ilikuwa ya masafa mawili, kizazi cha tano, antena nne, kwa shilingi 95,000, dukani Kariakoo. Ilikuwapo ya shilingi 45,000 ya masafa mamoja, na ilikuwapo ya shilingi 380,000 ambayo muuzaji aliisifia kwa dakika kumi. Nilimwuliza kifurushi chake mwenyewe nyumbani ni megabiti ngapi. Alicheka, akanipa ile ya katikati.

Ambaye hana faiba na hutumia ruta ya laini ya simu ana hesabu tofauti kidogo. Kwake ruta inapaswa kukaa karibu na dirisha linaloelekea mnara, hata kama si katikati ya nyumba, kwa sababu ishara ya mnara ikiwa dhaifu hakuna cha kusambaza. Hamisha kutoka dirisha hadi dirisha ukipima kila mara. Uliza pia kama ruta imefungwa kwa mtandao mmoja wa simu. Ya bei rahisi mara nyingi imefungwa, na siku mtandao huo ukisumbua mtaani kwako huwezi kubadilisha laini. Na mwenye faiba aangalie kisanduku alichopewa na mtoa huduma: kama kina Wi-Fi ya masafa mawili tayari, huenda anachohitaji ni waya tu wa kukifikisha ukumbini.

Waya, kwa kweli, umesahauliwa bila haki. Kebo ya mita 15 kutoka kwenye ruta hadi chumba cha mgonjwa, kisha ruta ya zamani ikawekwa huko kama kituo cha pili, hushinda virudia-mawimbi vya kuchomeka kwenye soketi. Kirudia-mawimbi cha masafa mamoja hupokea na kurusha kwa kupokezana, na kwa hiyo hupoteza karibu nusu ya kasi. Kebo haipotezi kitu, isipokuwa panya wakiipata.

Umeme nao una neno. Ruta nyingi hutumia volti 12 na hazizidi wati 12, kwa hiyo betri ndogo ya akiba yenye tundu la volti 12 huweza kuiwasha kwa saa tatu au nne umeme unapokatika. Soma lebo ya adapta kwanza. Volti zisizolingana huunguza ruta. Kwa mwenye faiba, kumbuka kuwa visanduku ni viwili, cha faiba na cha ruta, na vyote vinahitaji kuwaka. Nimewahi kuona familia iliyonunua betri, ikaiwasha ruta, ikashangaa kwa nini intaneti haipo huku taa zote zinang'aa.

Mlango wa nyumba

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko muuzaji. Ruta ni mlango ambao maneno ya mgonjwa hupitia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Wafanyakazi wa afya wanaofungua mafaili ya wagonjwa wakiwa nyumbani hawana budi kulifikiria hilo kabla ya kufikiria kasi.

Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea katika kamera na ruta za nyumbani duniani kwa njia rahisi mno: ilijaribu majina na nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Mei 2018 iligunduliwa nyingine, VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi zipatazo 54, nyingi zikiwa ruta za kawaida za majumbani na ofisi ndogo. Iliweza kuchungulia kinachopita ndani yake. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walionyesha udhaifu katika WPA2, kinga ya Wi-Fi iliyokuwa ikitegemewa tangu mwaka 2004. Dawa ilikuwa ni sasisho la programu, na ruta ambazo watengenezaji walikuwa wameshaziacha hazikulipata.

Kwa hiyo ninaponunua ruta nauliza maswali ambayo hayahusu kasi. Je, mtengenezaji bado anatoa masasisho ya toleo hili? Je, ruta hujisasisha yenyewe? Je, ina WPA3, ambayo ilitolewa mwaka 2018, au angalau WPA2? Je, imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini vinavyopaswa kuwa? Ruta iliyotumika ya bei ya kutupa inaweza kuwa nzuri kwa maumbile na ikawa imeachwa na mtengenezaji miaka mitano iliyopita. Hiyo siinunui hata ikiwa ya shilingi elfu kumi. Ukinunua iliyotumika ambayo bado inasasishwa, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe chake cha nyuma kwa sekunde kadhaa, ili uondoe mipangilio ya mwenyewe wa awali.

Ukifika nyumbani badilisha nywila mbili, siyo moja: ile ya kujiunga na Wi-Fi, na ile ya kuingia katika mipangilio ya ruta, ambayo wengi hawajui kwamba ipo. Zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha kwa haraka; udhaifu wa namba yake ya siri umejulikana tangu mwishoni mwa mwaka 2011. Fungua mtandao wa wageni kwa ajili ya wapangaji, mafundi na marafiki wa watoto, ili simu zao zisikae katika mtandao mmoja na kompyuta yenye majina ya wagonjwa. Shughuli yote hii huchukua nusu saa. Ukiona huiwezi, mwombe kijana wa nyumbani, lakini nywila andika wewe.

Wagonjwa huniuliza pia iwapo mawimbi haya yanadhuru. Ni swali la haki, na halistahili kujibiwa kwa kicheko. Mawimbi ya Wi-Fi hayana nishati ya kuvunja kemikali za chembe hai kama ilivyo mionzi ya eksirei. Kwa viwango vya Ulaya ruta hairuhusiwi kurusha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya wati kwenye masafa ya 2.4, na nguvu hiyo hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa sababu ushahidi uliokuwapo, hasa kuhusu simu za mkononi zinazobanwa sikioni, ulikuwa haba na haukutosha kuliondoa swali. Siwaambii wagonjwa wangu wazime ruta usiku kwa hofu hiyo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani ninamwambia akae angalau sentimita 15 kutoka kwenye ruta, jambo ambalo ni rahisi, kwa kuwa hakuna anayelala akiikumbatia.

Ruta mpya ya Mwalimu iko ukumbini, juu ya rafu ile ile. Chumbani anapata megabiti 14 mchana na 9 jioni. Ile ya zamani, ambayo haipati tena masasisho, tuliizima na kuiweka kando. Dozi yake haijabadilika kwa miezi minane. Huja Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka ili nimshike mkono na kuupima ugumu wa misuli, kwa maana hilo hakuna video inayoweza kulifanya, na vikao vingine tunakutana Jumanne saa kumi jioni.

Wenzangu mnaofanya kliniki za namna hii, utaratibu ninaoufuata sasa ni huu: mgonjwa akionekana kusitasita au kuganda, siandiki chochote kabla sijamwomba anayemsindikiza ahesabu kwa sauti kila vidole vinapogongana. Hesabu ikiendelea kwa mdundo sawa huku mkono kwenye kioo umesimama, najua ni mtandao. Kisha naomba video ya sekunde 30 irekodiwe kwa simu, vidole, mikono ikiwa imepumzika mapajani, na mwendo wa kwenda na kurudi, itumwe kwa njia iliyokubaliwa na kliniki na kufutwa kwenye simu ikishawekwa katika faili. Kubadilisha dozi kunasubiri video hiyo, hata ikifika kesho yake.

Wajukuu wa Mwalimu nao wamepewa agizo na babu yao. Jumanne saa kumi, simu zote zinawekwa kwenye kikapu jikoni. Nilimweleza kwamba kwa ruta ile, na kipaumbele tulichokipanga, si lazima tena. Alinijibu kwamba kikapu kinabaki.